Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa: istilahi za msingi za dawa na koo zake

Mfamasia wa Kaunta (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Chukua boksi lolote la dawa lililomo nyumbani mwako ulitazame kwa makini. Juu kuna jina kubwa lenye rangi, ambalo kiwanda kimelisajili kwa ajili ya biashara. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina jingine ambalo wengi hatulisomi, likifuatwa na namba na herufi mg, yaani miligramu. Jina hilo dogo ndilo dawa yenyewe. Jina kubwa hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, lakini jina dogo ni lilelile uwapo Tanga, Mombasa, Bujumbura au Muscat, kwa kuwa majina hayo husimamiwa na Shirika la Afya Duniani, lililotoa orodha yake ya kwanza mwaka 1953. Ndugu zetu walioko Marekani wajue tofauti moja kubwa: huko paracetamol huandikwa acetaminophen.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu madhara mengi ya dawa ninayokutana nayo kazini hayatokani na dawa bandia wala dawa iliyokwisha muda wake. Yanatokana na mtu kumeza dawa ileile mara mbili akidhani ni dawa mbili, au kumeza dawa mbili za ukoo mmoja, yaani zinazofanya kazi kwa njia moja, kwa sababu maboksi yana rangi tofauti na kila moja limenunuliwa duka lake. Anayejua kusoma jina dogo na kutambua ukoo wake anajikinga na sehemu kubwa ya balaa hilo, hata kama hakusomea famasi.

Majina ya dawa nitayaandika kama yanavyochapwa kwenye boksi ili uyalinganishe na yale uliyo nayo, isipokuwa machache yaliyokwisha kuzoeleka kwa Kiswahili kama aspirini, insulini na penisilini. Maelezo haya ni ya kukusaidia kuelewa na kuuliza vizuri. Hayachukui nafasi ya daktari anayekujua.

Nianze na mfano wa msimu wa mafua. Mtu ana homa na kichwa kinamgonga. Asubuhi amemeza Panadol mbili, mchana amenunua vidonge vya mafua, na jioni jirani amempa dawa ya mgongo. Ukivipanga vifungashio hivyo vitatu mezani na kusoma maandishi madogo, mara nyingi utaikuta paracetamol kwenye vyote: kwenye cha kwanza ipo peke yake, kwenye cha pili imechanganywa na chlorpheniramine, dawa ya mzio, pamoja na dawa ya kuzibua pua, na kwenye cha tatu imeunganishwa na diclofenac. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha gramu 4 za paracetamol ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya mg 500, na kwa aliyekonda sana, mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini kiwango ni cha chini zaidi. Anayemeza kutoka vifungashio vitatu hupita hapo bila habari.

Ini hubadilisha sehemu ndogo ya paracetamol kuwa sumu, kisha huizima sumu hiyo kwa akiba yake ya glutathioni. Dozi ikizidi, akiba humalizika na sumu huanza kuua chembe za ini lenyewe. Kinachonitia hofu ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi chochote, ilhali dawa ya kuliokoa ini, acetylcysteine, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyezidisha paracetamol apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka na watu.

Mfamasia wa Kaunta

Naendelea na istilahi chache za lazima kabla ya kuingia kwenye koo za dawa.

Famakolojia ni elimu ya dawa na mwili, nayo ina pande mbili: dawa inaufanya nini mwili, na mwili unaifanya nini dawa. Kwa upande wa kwanza, dawa nyingi hufanya kazi kwa kushika kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa mwili, au kwa kuzuia kimeng'enya kisitengeneze kitu fulani. Inayokishika kipokezi na kukiamsha tuiite kiamshi. Inayokishika ili kisiamshwe tuiite kizuizi. Salbutamol anayovuta mgonjwa wa pumu ni kiamshi cha vipokezi vya beta kwenye njia za hewa, na propranolol inayotumika kwa moyo na presha ni kizuizi cha vipokezi hivyohivyo. Ndiyo sababu mwenye pumu hapewi propranolol: inaizuia dawa yake ya kuvuta isifanye kazi, na yenyewe inaweza kumbana kifua hadi kufikia hatari.

Kwa upande wa pili, mwili huifyonza dawa, huisambaza kwa damu, huichakata hasa kwenye ini, kisha huitoa, mara nyingi kwa mkojo kupitia figo. Dawa inayomezwa hupita kwenye ini kabla ya kufika kwingineko, na nyingine hupungua sana hapo, ndiyo maana zipo za kuweka chini ya ulimi na zipo za sindano. Lakini ile imani kwamba sindano daima ina nguvu kuliko kidonge si sahihi. Metronidazole ya kumeza, kwa mfano, hufyonzwa karibu yote. Kwa mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika, dripu yake humwongezea gharama na tundu la sindano tu.

Nusu-uhai ni muda unaochukua kiwango cha dawa kwenye damu kushuka hadi nusu. Nusu-uhai moja ikipita inabaki asilimia 50, mbili zikipita 25, na zikifika tano inabaki takriban 3, kwa hiyo wataalamu huhesabu kwamba dawa imekwisha mwilini baada ya muda huo. Ibuprofen ina nusu-uhai ya takriban saa 2, ndiyo maana huhitaji kurudiwa. Amlodipine ya presha ina nusu-uhai ya saa 30 hadi 50, ndiyo maana humezwa mara moja kwa siku, na ndiyo maana pia huchukua wiki nzima hivi kufikia kiwango chake kamili. Anayeimeza siku mbili, akapima presha akakuta bado iko juu, kisha akaitupa, hajaipa nafasi.

Kuhusu bahasha: mtoa dawa akiandika 2x3 maana yake ni vidonge viwili, kutwa mara tatu. Kutwa hapo ni saa 24, kwa hiyo kwa antibiotiki ya mara tatu lenga kila baada ya saa 8 kadiri usingizi unavyoruhusu. Wapo wanaomeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kisha wanakaa saa 13 bila dawa.

Mwisho tutenganishe maudhi madogomadogo na mzio. Maudhi hutokana na kazi ya dawa yenyewe na hutarajiwa, kama vile tumbo kulegea kwa amoxicillin. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia dawa: vipele vya kuwasha, midomo au uso kuvimba, pumzi kubana. Mtu akisema kwamba Septrin haimpatani, naomba aeleze ilimfanya nini, kwa sababu kichefuchefu hakimzuii kuitumia tena, lakini ngozi kubabuka na kutoka malengelenge kunamzuia maisha yake yote, na lazima kuandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Kwa Tanzania, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) hupokea taarifa za madhara ya namna hiyo kutoka kwa watoa huduma na kwa wagonjwa wenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Ahsante sana mtaalamu. Umegusia nusu-uhai na mimi nina swali la siku nyingi. Dawa ya mseto ya malaria huniondolea homa siku ya pili kabisa. Kwa nini nilazimike kumeza hadi siku ya tatu, na kwa nini nesi hunisisitiza nile chakula chenye mafuta?

Mfamasia wa Kaunta

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndilo mfano bora wa nusu-uhai niujuao.

Kidonge kimoja cha mseto kina artemether mg 20 na lumefantrine mg 120. Artemether hufyeka vimelea kwa kasi kubwa, na ndiyo inayokuondolea homa, lakini nusu-uhai yake ni ya saa chache tu. Lumefantrine hufanya kazi polepole, ila hubaki mwilini kwa siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyosalia. Ukiacha siku ya pili, lumefantrine haijafika kiwango cha kumaliza kazi, na vimelea vilivyobaki hukutana na dawa kidogo isiyoweza kuviua, jambo ambalo ndilo huvifunza usugu. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja: mwanzo, baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni vidonge 24.

Chakula cha mafuta kinahitajika kwa sababu lumefantrine haiyeyuki vizuri kwenye maji. Maziwa, karanga au mboga iliyoungwa kwa nazi huisaidia kufyonzwa zaidi. Mgonjwa asiyeweza kula asiache dawa, ameze hata na kikombe cha maziwa.

Usugu si nadharia kwetu. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP (sulfadoxine-pyrimethamine), na kufikia mwisho wa 2006 ilibidi kuhamia mseto, kwa sababu vimelea vilikuwa vimezishinda dawa hizo mbili moja baada ya nyingine. SP imebaki kwa kinga ya wajawazito. Dawa mbili zenye njia tofauti za kuua zimeunganishwa makusudi, ili kimelea kinachoikwepa moja kinaswe na ya pili.

Mfamasia wa Kaunta

Sasa koo za dawa. Waliopanga majina madogo waliweka alama ya ukoo, mara nyingi mwishoni mwa jina, nami nitakaa zaidi kwenye zile zinazotusumbua.

Za maumivu kwanza. Paracetamol nimeieleza. Ukoo mkubwa wa pili ni wa dawa za maumivu na uvimbe zisizo za steroidi: aspirini, ibuprofen, diclofenac, indomethacin, piroxicam, meloxicam. Majina yao hayafanani sana, lakini kazi ni moja: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, jambo lililogunduliwa na John Vane mwaka 1971 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini huleta maumivu na uvimbe, lakini hizohizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo huwezi kuchukua faida yake bila kugusa tumbo na figo.

Kutokana na hilo, kumeza diclofenac na ibuprofen pamoja hakukupi nafuu mara mbili. Kunakupa madhara ya ukoo huo mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo azikwepe. Mzee anayetumia enalapril au losartan ya presha pamoja na dawa ya kukojoza, akiongeza diclofenac ya magoti kwa wiki kadhaa, yuko kwenye hatari ya kweli ya figo kushindwa kufanya kazi, na mchanganyiko huo nauona kwenye mifuko ya wazee wengi mno. Mjamzito asitumie ukoo huu bila idhini ya daktari, hasa miezi ya mwisho.

Jambo jingine linahusu homa. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Dengue hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na aspirini huzidhoofisha chembe hizohizo kwa siku 7 hadi 10, yaani maisha yao yote. Homa ambayo hujaijua chanzo chake itulizwe kwa paracetamol, si kwa aspirini, ibuprofen wala sindano ya diclofenac. Watoto wenye homa za virusi wasipewe aspirini kabisa.

Mama Pacha

Kaka, samahani nakurudisha nyuma kidogo. Nina mapacha wa miaka miwili. Kila nikinunua sirapu ya paracetamol naambiwa kijiko kimoja, na duka jingine naambiwa kimoja na nusu. Nani mkweli?

Mfamasia wa Kaunta

Mama Pacha, dozi ya mtoto hufuata kilo zake na nguvu ya sirapu iliyomo kwenye chupa. Kwa paracetamol ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja, na isirudiwe kabla ya saa 4 hadi 6, wala isizidi mara 4 kwa siku. Tuseme kila pacha ana kilo 12. Anahitaji mg 120 hadi 180. Sasa soma ubavuni mwa chupa. Ikiwa imeandikwa 120 mg/5 ml, basi ni mililita 5 hadi 7.5, kwa hiyo maduka yote mawili yalikuwa ndani ya kiwango. Lakini zipo chupa za 250 mg/5 ml, na kijiko kimoja na nusu cha hizo ni mg 375, zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika. Chupa zinafanana, ladha ni ileile.

Tupa mazoea ya kijiko cha chai cha jikoni, maana vinatofautiana ukubwa. Tumia kikombe chenye mistari kinachokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano. Na wote wawili wapimwe kilo kila mmoja kivyake; mapacha hawalingani daima.

Mfamasia wa Kaunta

Dawa za presha zina alama za ukoo zilizo wazi kuliko zote, kwa hiyo mwenye mzazi anayetumia dawa hizi achukue maboksi yake asome pamoja nami.

Zinazoishia na -pril ni captopril, enalapril, lisinopril. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili, kemikali ya mwili inayobana mishipa. Captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, Bothrops jararaca. Kimeng'enya hichohicho ndicho huvunja bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hulundikana na baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Nimeona watu waliokunywa sirapu za kikohozi na antibiotiki kwa miezi, wakapimwa hadi kifua kikuu, na chanzo kilikuwa kidonge chao cha asubuhi. Kikohozi hicho hakina hatari, ila kinatosha kumfanya daktari abadilishe dawa. Kuvimba midomo, ulimi au uso ni jambo jingine kabisa: linatokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, linaweza kuziba pumzi, na ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Zinazoishia na -sartan, kama losartan, telmisartan na valsartan, huziba kipokezi cha angiotensini badala ya kimeng'enya, kwa hiyo kikohozi kile ni nadra. Koo hizi mbili hazitumiwi pamoja, na zote mbili hudhuru mtoto tumboni. Binti mwenye presha anayepanga kubeba mimba amwambie daktari mapema ili abadilishiwe.

Zinazoishia na -dipine ni amlodipine na nifedipine. Huzuia kalisi isiingie kwenye misuli ya mishipa, na mishipa hulegea. Waafrika wengi hupata matokeo mazuri kwa ukoo huu na kwa dawa za kukojoza kama hydrochlorothiazide, ndiyo maana mara nyingi huanziwa hapo. Maudhi yake ya kawaida ni vifundo vya miguu kuvimba, na watu wengi wakiona hivyo huamini kwamba figo zimekufa. Muone daktari apime, lakini usiache dawa kwa hofu.

Zinazoishia na -olol, kama atenolol, bisoprolol na propranolol, ni vizuizi vya beta nilivyovieleza. Propranolol ilitokana na kazi ya James Black miaka ya 1960. Ukoo huu hauachwi ghafla. Dozi hupunguzwa polepole, kwa sababu moyo uliozoea kuzuiwa unaweza kudunda kupita kiasi.

Sasa ona hatari. Mzee anapewa amlodipine hospitali ya wilaya ikiwa na jina kubwa la kiwanda kimoja, kisha anasafiri kwa mwanawe mjini na kuandikiwa amlodipine ya kiwanda kingine. Anarudi nyumbani na maboksi mawili na kumeza yote mawili kila asubuhi, kwa utiifu kabisa, hadi siku anayoanguka akiinuka kitandani. Kila duka lilitoa dawa sahihi, lakini hakuna aliyemwomba afungue mfuko.

Binti wa Pangani

Mkuu, bibi yangu ana nifedipine na hawezi kumeza vidonge, hivyo tunamsagia kwenye uji. Kuna ubaya?

Mfamasia wa Kaunta

Dada, acheni kusaga kwanza, na leo hii tazama boksi kama baada ya jina kuna neno retard au herufi SR, XR, XL, LA au CR. Alama hizo humaanisha kwamba kidonge kimetengenezwa kiachie dawa polepole kwa saa nyingi. Kikisagwa, dozi ya siku nzima huingia mara moja, na kwa nifedipine presha inaweza kuporomoka ghafla, jambo ambalo kwa mzee huweza kuleta kiharusi. Omeprazole nayo ina chembe zilizovikwa ganda ili asidi ya tumbo isiziharibu. Ukizisaga umeziharibu mwenyewe. Amlodipine ya kawaida inaweza kusagwa, kwa hiyo mrudisheni kliniki mueleze kwamba hawezi kumeza, huenda akabadilishiwa. Msimsimamishie dawa wenyewe wakati mnasubiri, nendeni mapema.

Dereva wa Masafa

Na hizi za mafua zinazoleta usingizi barabarani?

Mfamasia wa Kaunta

Tafuta jina chlorpheniramine au promethazine. Ni za ukoo wa dawa za mzio wa kizazi cha kwanza, ambazo huingia kwenye ubongo na kuuzubaisha hata pale unapojiona uko macho. Usiendeshe gari ukiwa umezimeza. Omba loratadine, ambayo huingia kwenye ubongo kidogo sana. Cetirizine iko katikati, baadhi ya watu huwaletea usingizi.

Mfamasia wa Kaunta

Antibiotiki. Watu huja dukani wakaomba "rangi mbili", nami huwauliza rangi mbili zipi, kwa sababu kapsuli za amoxicillin, tetracycline, indomethacin na hata omeprazole zote zinaweza kuwa na rangi mbili. Rangi huchaguliwa na kiwanda.

Zinazoishia na -cillin ni za ukoo wa penisilini: amoxicillin, ampicillin, cloxacillin. Mwenye mzio wa mojawapo ahesabu kwamba ana mzio wa zote mpaka apimwe. Zinazoanza na cef- ni binamu zao, kama cefalexin ya kumeza na ceftriaxone ya sindano. Zinazoishia na -floxacin ni kama ciprofloxacin, na -cycline ni kama doxycycline. Hizi za mwisho mbili hushikana na kalisi, chuma na dawa za kutuliza kiungulia, zikashindwa kufyonzwa, kwa hiyo usizimeze na maziwa wala na vidonge vya magnesium.

Hakuna antibiotiki inayoua virusi, na mafua ni virusi. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa kwa tahadhari, na za akiba. Ceftriaxone na azithromycin zimo kwenye kundi la tahadhari. Inaniuma kuona ceftriaxone inachomwa kwa kikohozi cha siku mbili, kwa sababu ndiyo hiyohiyo tunayoitegemea kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo.

Kuna mtego mmoja wa kusoma majina. Wengi wakiona -azole hudhani ni ukoo mmoja. Sivyo, soma silabi zinazotangulia. Metronidazole na tinidazole, yaani -nidazole, ni za amiba na baadhi ya bakteria. Fluconazole na ketoconazole, yaani -conazole, ni za fangasi. Albendazole na mebendazole, yaani -bendazole, ni za minyoo. Omeprazole na pantoprazole, yaani -prazole, hupunguza asidi ya tumbo, na humezwa nusu saa hivi kabla ya kula. Kubadilishana hizo kwa kuwa zinafanana mwishoni ni kosa ambalo nimelizuia kaunta si mara moja.

Kwa kisukari nitakuwa mfupi. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Zile zinazoanza na gli-, kama glibenclamide, gliclazide na glimepiride, huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hujala, kwa hiyo kumeza kisha ukaruka mlo kunaweza kukuangusha. Anayetaka kufunga Ramadhani akiwa kwenye dawa hizi au kwenye insulini aende kliniki wiki kadhaa kabla, apangiwe upya muda na dozi.

Mama Pacha

Kaka, swali la mwisho ni la mdogo wangu. Ni mjamzito na anatumia TLD, dawa ya VVU. Kliniki wamempa pia vidonge vya FEFO, vile vya chuma na foliki. Umesema chuma hushikana na dawa nyingine. Je, na hizo?

Mfamasia wa Kaunta

Umefuatilia vizuri sana mama. TLD ni tenofovir, lamivudine na dolutegravir ndani ya kidonge kimoja. Dolutegravir hushikwa na chuma na kalisi, na ikishikwa haifyonzwi vya kutosha. Njia iliyo rahisi ni kumeza TLD na FEFO kwa pamoja, wakati wa mlo, kwa sababu chakula hupunguza tatizo hilo. Akimeza tumbo likiwa tupu, basi TLD itangulie saa 2 kabla ya FEFO, au ifuate saa 6 baadaye. Asiache yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa moja inamkinga mtoto na virusi na nyingine inawakinga wote wawili na upungufu wa damu.

Vidonge vya kiungulia vyenye magnesium au alumini havina ruhusa hiyo ya chakula. Hivyo lazima viachane na TLD kwa saa zilezile. Na ikitokea akagundulika na kifua kikuu, awaambie mapema kwamba yuko kwenye dolutegravir. Rifampicin huliamsha ini lichakate dawa nyingine kwa kasi, kwa hiyo huongezewa dolutegravir mg 50 nyingine, saa 12 baada ya TLD. Rifampicin hiyohiyo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, na kuugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Mwambie aende kliniki ijayo na maboksi yote aliyo nayo, pamoja na yale aliyonunua dukani.